Bingwa Aliyeshika Masweta

Filimbi ilipolia, wenzake wote wa mkondo wa A waliikimbilia mipira iliyopangwa kwenye mstari wa kati. Yeye hakukimbia. Alipiga hatua tatu mbele, akasimama wima, akaweka mikono nyuma kama mtoto aliyeitwa kukariri shairi mbele ya darasa. Mpira wa kwanza kurushwa ulimpata begani. Ulikuwa mpira mwepesi, wa kudaka kwa mkono mmoja, na kila aliyekuwapo alijua hivyo. Akageuka, akatoka nje ya mstari, akaenda kukaa kwenye ngazi palipokuwa na rundo la masweta ya wenzake.

Nilitarajia kelele, lakini uwanja mzima ulinyamaza. Aliyekasirika kuliko wote hakuwa mtu wa mkondo wake, alikuwa mvulana wa mkondo wa B aliyeurusha mpira ule. Alikanyaga chini kwa kishindo na kusema, sauti ikikaribia kilio: "Hiyo haihesabiki!"

Mechi ile niliiandaa mimi. Nilikuwa mwalimu wa michezo, na nilikuwa nimeitangaza kuwa mechi ya kumaliza ubishi. Majina siyataji, wala ya shule. Msichana alikuwa na miaka 12, nitamwita Bingwa. Mvulana nitamwita Mpinzani. Yupo na wa tatu, mtoto wa umbo dogo wa mkondo wa A, ambaye kwa muda mrefu hakuna aliyemhesabu kuwa sehemu ya kisa. Huyo nitamwita Mdogo.

Mpira wa kukwepa wengi wanaujua kwa sura moja au nyingine. Aliyecheza rede au kati ameshaonja utamu wake na maumivu yake. Huu wetu ni ndugu wa ile, ila hapa hakuna warushaji wawili wa kumlenga aliye katikati. Ni timu mbili, uwanja umegawanywa kwa mstari, na kila upande unaulenga mwingine. Ukipigwa, umetoka. Ukidaka mpira kabla haujagusa chini, aliyeurusha anatoka yeye, na mwenzako mmoja aliyekuwa nje anarudi uwanjani. Sheria hiyo ya kudaka imo hata kwenye mashindano ya kimataifa, ambako timu huingiza wachezaji sita na mipira huwa ya sponji au ya kitambaa ili isiumize. Yetu ilikuwa ya raba. Na anayerudi ni yule aliyetangulia kutoka. Foleni, kama foleni nyingine yoyote. Niliipenda sana sheria ya foleni, maana ilinipunguzia malalamiko.

Bingwa hakuwa mrushaji wa kutisha. Alikuwa mdakaji. Watoto wengi hunyoosha mikono kuufuata mpira, viganja vinakuwa vigumu, mpira unagonga na kuruka. Yeye aliuacha ufike. Viwiko vilibana mbavu, mgongo ulipinda kidogo, mpira ukaingia tumboni na mikono ikaufunika, ule ukali wote ukafia humo. Ukimtazama ungedhani hafanyi lolote. Kwa mihula miwili mkondo wa A haukushindwa ila kwa nadra, kwa sababu timu yenye mdakaji wa namna hiyo haiishi: unawatoa watu watano, anadaka mara mbili, wawili wamerudi na warushaji wako wawili wako nje.

Nilipoona wanavyoupenda mchezo, nikataka kuwaongezea utamu. Nikatenga sehemu ya ukuta karibu na ngazi, nikaandika A na B kwa herufi kubwa, na kila ushindi ukawa msitari mmoja wa chaki. Mwisho wa muhula wa pili nikaongeza jingine: cheti cha Mdakaji Bora, mbele ya paredi, shule nzima ikipiga makofi. Bingwa alikipokea kwa mikono miwili, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni. Mtoto anayefurahia cheti hakikunji mara nne. Hilo nimeliona baadaye. Siku ile niliona aibu ya kawaida ya watoto.

Muhula wa tatu akaacha kucheza. Siku ya kwanza alisema mguu unamuuma. Wiki iliyofuata kilikuwa kichwa. Kisha akaacha kutoa sababu, akawa anakaa kwenye ngazi, na kwa kuwa yuko pale tu, wenzake wakaanza kumrushia masweta awashikie.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wanafunzi wa B walisema anamwogopa Mpinzani, ambaye likizoni alikuwa amerefuka ghafla na mkono wake sasa ulikuwa na nguvu za mtu mzima. Wenzake wa A walisema ameringa, cheti kimempanda kichwani. Mwalimu wake wa darasa alisema ni umri, wasichana wakifika hapo huacha kukimbiakimbia. Maelezo haya matatu yana kasoro moja: hakuna hata moja lililotoka kwake mwenyewe. Nami nilikuwa na la nne, na nililiona la kitaalamu zaidi.

Nililitoa kwenye jaribio la Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett lililochapishwa mwaka 1973. Waliwachukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja likaahidiwa cheti cha mchezaji mzuri kama litachora, kundi la pili likapewa cheti bila kuahidiwa, la tatu halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye watoto wakaachwa wachague wenyewe la kufanya. Walioahidiwa walitumia kuchora karibu nusu tu ya muda waliotumia wengine. Kilichokuwa raha kilikuwa kimegeuka kazi. Nikajiambia: ndicho hiki, nimeua mapenzi ya mtoto kwa cheti.

Ni maelezo mazuri, na kwa kisa hiki si sahihi. Mimi sikuwa nimemwahidi Bingwa kitu. Cheti kilimfikia kwa mshtuko. Na waliopewa cheti kwa mshtuko katika jaribio lile hawakupunguza kuchora. Nilikuwa nimekumbuka nusu ya utafiti iliyonifaa na kuiacha nusu nyingine. Walimu tunafanya hivyo kuliko tunavyokiri.

Wakati mimi natafuta nadharia, uwanja ulikuwa unachafuka. Bila Bingwa, A walianza kupigwa kila siku, misitari ya chaki upande wa B ikaongezeka, na pamoja nayo tambo. Ubishi ukatoka uwanjani ukaingia kwenye foleni ya maji, kisha kwenye madawati. Daftari la mtu wa B likaonekana kwenye pipa la taka. Siku iliyofuata viatu vya mtu wa A havikuonekana kabisa. Watoto waliokuwa wakirudi nyumbani pamoja wakaanza kupita pande mbili za barabara.

Mambo ya namna hii yaliandikwa zamani. Mwaka 1954 Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka wavulana 22 wa umri wa miaka 11 hivi kambini Oklahoma, Marekani, wakawagawa makundi mawili na kuyashindanisha kwa zawadi. Siku chache zilitosha kuzaa matusi, bendera kuchomwa na vyumba kuvamiwa. Watafiti walipowakutanisha tu, mezani na kwenye burudani, vita viliendelea hukohuko mezani. Uhasama ulipungua pale walipopewa shida ambayo kundi moja halingeweza kuitatua peke yake, kama maji ya kambi kukatika.

Kipande kisichosimuliwa sana ni cha mwaka uliotangulia. Mwaka 1953 Sherif alijaribu jambo hilohilo na kundi jingine la wavulana, na lilimshinda. Waligawanywa na kuchokozwa kwa hila, lakini hawakugeukiana. Walianza kuwashuku watu wazima waliokuwa kambini. Kwangu mimi kipande hiki kina uzito kuliko kile maarufu. Watoto wakishindana, mara nyingi ushindani huisha kengele ikilia. Ukiendelea baada ya kengele, mtu mzima ameupa mahali pa kulala. Wa kwetu ulilala ukutani, kwa chaki, na mwandiko ulikuwa wangu.

Badala ya kufuta ukuta, niliandaa mechi. Hoja yangu ilikuwa kwamba wakimaliza mbele ya mashahidi, wataridhika. Nikamwita Bingwa mara tatu kumwomba acheze. Mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa kumkumbusha wenzake wanavyoteseka, mara ya tatu kwa maneno ambayo sasa siyapendi: "Unaliacha darasa lako lidhalilike." Akasema, "Sawa, mwalimu." Nikafurahi. Mtoto mtiifu anaposema sawa baada ya kuombwa mara tatu, hajakubali. Amechoka kuombwa.

Kabla sijaeleza yaliyofuata, haki ya Mpinzani. Ni rahisi kumfanya adui wa kisa hiki, na wengi walimfanya. Lakini mvulana yule alishindwa na msichana huyu kwa mihula miwili, na likizo nzima, kwa maelezo ya ndugu yake, alikuwa anarusha mpira kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba mpaka jioni. Hakutaka kuishinda A. Alitaka kumrushia mtu mmoja mpira mmoja asioweza kuudaka. Akarudi shuleni na mkono ulio tayari, akamkuta mwenye kumpima ameketi na masweta. Ushindi wote alioupata muhula ule ulikuwa na neno "lakini" nyuma yake. Kejeli zake zilikuwa mbaya, nilimwadhibu kwa baadhi, ila zilikuwa kejeli za mtu anayebisha hodi.

Ndiyo maana alisema haihesabiki.

Baada ya mechi nilikwenda kukaa ngazi moja chini ya Bingwa. Sikuwa na swali jipya la kumuuliza, basi nikamuuliza masweta yale ni ya nani. Akayataja moja moja akiyakunja. Alipofika kwenye moja dogo, lililotoboka kiwiko, akasema: "Hili la Mdogo. Angeweza kubaki nalo tu, siku hizi hachezi dakika nyingi. Mimi nikiwepo ndiyo anacheza sana."

"Si vizuri?"

"Mwalimu, nikidaka, anayerudi ni yeye. Kila mara ni yeye. Wanampiga anatoka, nadaka anarudi, wanampiga tena." Akalipapasa lile tundu la kiwiko. "Siku tuliyoshinda halafu ukanipa cheti, alipigwa mara saba."

Alikuwa amehesabu. Mimi niliyekuwa na filimbi, saa na daftari la alama sikuwa nimehesabu.

Nilirudi ofisini nikachora mchezo kwenye karatasi, na ukweli ulikuwa wazi kiasi cha kuchekesha. Nani hutoka wa kwanza? Mnyonge: mzito wa miguu, mwenye woga. Sheria ya foleni inasema wa kwanza kutoka ndiye wa kwanza kurudi. Kwa hiyo mdakaji hodari, kila anapoiokoa timu, anamchukua yule mtoto aliyekuwa salama nje ya mstari na kumrudisha mbele ya mikono iliyojaa mipira. Anatoka tena upesi, na mara nyingi anakuta foleni fupi, kwa sababu walio hodari bado wako ndani. Udakaji unaofuata unamwita tena. Kadiri bingwa anavyokuwa bora ndivyo mnyonge anavyopigwa zaidi. B waliligundua hilo kabla yangu: nilipoanza kukumbuka, niliona walikuwa na desturi ya kubakiza mpira mmoja mkononi Bingwa alipodaka, wakimsubiri Mdogo avuke mstari. Walikuwa wakicheka. Na baadhi ya A walikuwa wakicheka nao.

Hapo ndipo ile mikono iliyowekwa nyuma iliponiingia akilini. Nilidhani ilikuwa dharau. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakucheza tu vibaya, akajibu kwamba hawezi: "Mikono inadaka yenyewe."

Mchezo huu umelaumiwa kwa miaka mingi. Mwaka 1992 Neil Williams, mtaalamu wa elimu ya viungo wa Marekani, aliuweka kwenye orodha yake ya michezo ya kuonea haya shuleni, na mwaka 2017 chama cha walimu wa fani hiyo nchini humo, SHAPE America, kilitoa msimamo kwamba haufai katika vipindi vya elimu ya viungo. Hoja inayorudiwa ni kwamba mchezo wa kutoana huwatoa mapema walewale wanaohitaji mazoezi, wakabaki watazamaji. Ni kweli, lakini kwetu ubaya ulitokea kwa mlango wa nyuma. Mdogo hakunyimwa nafasi. Alipewa nyingi mno, zote za aina moja. Mwalimu anayepima mchezo kwa kuuliza "je, kila mtoto alirudi uwanjani?" angeupa mchezo wetu alama zote.

Sikuupiga marufuku. Watoto wakinyimwa mpira mbele ya mwalimu wataucheza nyuma ya vyoo, na huko hakuna wa kusema "lenga chini ya mabega". Nilifuta ukuta, kwanza. Mipira ya raba tukaibadilisha kwa ya sponji. Sheria nayo ikabadilika: anayepigwa hatoki, anavuka kwenda upande wa pili na kuendelea kucheza huko, mpira ukidakwa, aliyeurusha ndiye anayevuka. Sheria hii si uvumbuzi wangu, ipo na inachezwa sehemu nyingi. Matokeo yake ni kwamba baada ya robo saa mtu wa A anarusha akiwa upande wa B, mtu wa B anamkinga mtu wa A, na mwisho wa mchezo upande mmoja hauna mtu na mwingine una wote. Sherif alihitaji maji yakatike. Sisi tulihitaji tu timu zisidumu.

Lawama ya kwanza ilitoka kwa Mpinzani. "Sasa mwalimu, nani ameshinda?" Sikuwa na jibu, na sikuliona swali lake kuwa la kitoto. Sheria mpya ilimtibu kila mtu isipokuwa yeye, ambaye hakuwa na ugonjwa waliokuwa nao wengine. Alitaka kupimwa. Nikamwendea Bingwa nikamuuliza, safari hii mara moja tu, kama angekubali kumdakia mipira kumi baada ya masomo, bila timu na bila watazamaji. Akauliza, "Nikidaka, nani anarudi?" Nikamwambia hakuna. Akavua sweta lake mwenyewe.

Alidaka sita. Minne ilimpita, mmoja kati ya hiyo kwa kasi iliyomfanya apige mluzi wa kustaajabu. Mpinzani alidai mpira wa tano uligusa chini kwanza. Walibishana juu ya mpira wa tano mpaka getini, na mimi nikawafuata nyuma nikiwa na funguo za stoo, nikijizuia kutoa uamuzi.

Nilidhani kisa kimeisha. Wiki mbili baadaye nilimkuta Mdogo akinisaidia kukusanya mipira, ndipo nikakumbuka kwamba katika mambo yote haya sijawahi kumuuliza yeye kitu. Nikamuuliza kama ameipenda sheria mpya. Akasema ni nzuri. Akanyamaza, akasukuma mpira kwa ncha ya kiatu, kisha akasema: "Ila mimi nilikuwa napenda kurudi."

"Kurudi uwanjani? Ukapigwe?"

"Wakati narudi, wote wa A walikuwa wananiita jina."

Nikamuuliza kuhusu maumivu. Akapandisha mabega. Inauma kidogo, alisema, lakini kukaa nje ndiko kunakochosha.

Sisemi maneno yake yanafuta hesabu ya Bingwa. Mtoto anaweza kukubali kulipa mapigo saba ili aitwe jina kwa sauti mara saba, na bado bei ikawa ya dhuluma, na bado aliyeiweka bei hiyo nikawa mimi. Lakini Bingwa alikuwa ameacha kitu alichokiweza kuliko wote kwa ajili ya huzuni ambayo Mdogo mwenyewe hakuwa nayo, au hakuwa nayo kwa namna ile aliyoidhani. Nilijiuliza kama nimwambie. Nikaona kwamba watu wengi wameshaamua mambo yake bila yeye kujua.

Alisikiliza hadi mwisho. "Hakuniambia," akasema.

"Ulimuuliza?"

Akanitazama, kwa adabu, lakini akanitazama. "Na wewe mwalimu, ulimuuliza?"

Bingwa hakurudi kwenye mchezo mkubwa muhula ule, wala sikumwomba. Ila siku iliyofuata, mapumziko yalipoanza, niliwaona wawili ukutani, pale palipokuwa na alama za chaki. Alikuwa amesimama nyuma ya Mdogo, amemshika viwiko na kuvibana kwenye mbavu, akimwambia asiufuate mpira, auache uje. Aliyekuwa anarusha ni Mpinzani, taratibu, kwa mkono wa chini. Mpira wa kwanza ulimponyoka Mdogo. Wa pili ulimgonga kidevuni. Masweta siku hiyo yalikuwa kwenye ngazi peke yake, na moja lilikuwa limeanguka chini, likikanyagwa na wapitao.